Umehamia JUnit 5? Hesabu majaribio kwanza

Wewe msee unayeandika Java, sikiza. Siku bosi atakapokwambia uhamishe majaribio yote ya programu kutoka JUnit 4 hadi JUnit 5 kabla ya Jumatatu, usikimbilie kusema "sawa". Najua kazi yenyewe inakaa rahisi: tafuta @Before, weka @BeforeEach; tafuta @Ignore, weka @Disabled. Unabonyeza, skrini inakuwa kijani, unaenda zako.

Mimi nasema hicho kijani ndicho cha kuogopa.

JUnit 4 ilitoka 2006, na 5 ikafuata 2017 ikiwa imejengwa upya. Ukiacha jaribio la zamani bila kuweka injini ya Vintage, halipigi kelele. Linarukwa tu. Kama yalikuwa 400 na sasa yanakimbia 310, bado utaona kijani.

Kuna mtego mbaya zaidi. Kwenye JUnit 4, ujumbe wa kosa hutangulia. Kwenye 5 huja mwisho. Sasa chukua assertNotEquals yenye maandishi matatu: ujumbe, namba ya risiti ya kwanza, namba ya risiti ya pili. Usipobadilisha mpangilio, kompyuta hailalamiki. Inalinganisha ujumbe wako na risiti ya kwanza, inaona havifanani, inapitisha. Risiti zenyewe hata hazijalinganishwa! Wateja wawili wakipewa namba moja, jaribio litanyamaza.

Basi ufanyeje? Kabla ya kugusa chochote, andika idadi ya majaribio yanayokimbia. Weka Vintage, ambayo huruhusu ya zamani na mapya yaishi pamoja, kisha uhamishe faili moja moja. Ukimaliza faili, haribu programu kidogo makusudi. Jaribio lisipogeuka jekundu, hilo limekufa. Hii haihitaji digrii, inahitaji kuhesabu na subira.

Utaambiwa mteja haoni majaribio, kwa nini upoteze wiki nzima? Ni kweli, hakuna atakayekupigia makofi. Lakini pesa za mtu zikikatwa mara mbili usiku wa manane, simu itakayolia ni yako, si ya bosi.

Kwa hivyo akikuuliza kama umemaliza, usimwonyeshe kijani. Mwonyeshe hesabu: yalikuwa mangapi, na sasa ni mangapi.