Ujiji Si Mwembe wa Wageni Wawili

Ujiji na Kigoma, miji miwili iliyoungana kuwa mmoja kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkabala na Kongo na karibu na Burundi, ni miongoni mwa sehemu chache za Tanzania Bara ambazo jina lake lilivuma duniani kabla mipaka ya leo haijachorwa. Pamoja na sifa hiyo, mgeni anayefika huko huonyeshwa mambo machache mno. Asubuhi hupelekwa Ujiji penye mnara wa Livingstone na Stanley, hupigwa picha chini ya miembe, na nusu saa haijatimia amekwisha ondoka. Akiwa na fedha za kutosha, hupanda boti kwenda Gombe kuwatazama sokwe. Jioni huelekezwa baa. Mpango wa utalii wa mji wa kihistoria unaishia hapo, na waliokabidhiwa dhamana ya mambo hayo huuita maendeleo.

Haya si maendeleo. Ni uvivu wa fikra uliochanganyika na kasumba ya kikoloni, na yapasa ukemewe bila kumung'unya maneno.

Yafaa kuanza na mnara wenyewe. Kila mwanafunzi wa Tanzania anajua kwamba mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone Ujiji, na wengi wanaweza kuitamka kwa moyo salamu inayosemekana Stanley aliitoa. Wachache huambiwa kwamba ukurasa wa shajara ya Stanley uliohusu tukio hilo ulichanwa, kwamba Livingstone hakuiandika salamu hiyo katika kumbukumbu zake, na kwamba wako wanahistoria wanaoona kuwa ilitungwa baadaye ili kuwafurahisha wasomaji wa magazeti. Taifa linawakaririsha watoto maneno ambayo pengine hayakutamkwa, huku likiwasahau watu ambao hakuna shaka kwamba walikuwapo.

Watu hao ni akina nani? Kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, mtu wa kwanza kumwamkia kwa Kiingereza alipoingia Ujiji alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Huyo Susi na mwenzake Chuma ndio waliokuwa mbele ya wenzao, Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia, kuubeba mwili wake kwa miguu kwa miezi mingi hadi Bagamoyo. Na msafara wa Stanley uliongozwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akapelekwa Bara Hindi, kisha akarudi Afrika akiwa mtu huru. Bombay alikuwa amekwisha fika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Alifika tena na Stanley mwaka 1871, na mara ya tatu na Cameron mwaka 1874. Yule anayeitwa mvumbuzi alikuwa akionyeshwa njia na mtu aliyekwisha ipita. Mwalimu wa historia asiyewataja Bombay, Susi na Chuma hajafundisha habari za Ujiji. Amefundisha habari za wapita njia.

Lakini hata hao hawatoshi, kwa sababu Ujiji haikuwa kituo cha kupokelea Wazungu. Ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara iliyoanzia Bagamoyo na kupita Tabora, njia ya zaidi ya kilomita elfu moja iliyokanyagwa na wapagazi mabegani mwao wakiwa na pembe za ndovu, nguo na shanga. Soko la Ujiji lilikusanya samaki, chumvi, nafaka na mafuta ya mawese kutoka kila upande wa ziwa, na shanga zilitumika humo kama fedha. Soko hilo hilo liliuza binadamu. Watu walitolewa ng'ambo katika nchi ya Manyema, wakavushwa ziwa, wengine wakasukumwa hadi pwani, na wengine wakabaki Ujiji. Wamanyema wa leo wa Ujiji, wenye misikiti yao, ngoma zao na lafudhi yao, ni matunda ya historia hiyo chungu. Na kwa njia hiyo hiyo Kiswahili kilivuka maji kikaingia mashariki ya Kongo, ambako mamilioni wanakizungumza hadi sasa. Kwa nchi inayojivunia Kiswahili kuwa nguzo ya umoja wake, lango lililoipitisha lugha hiyo ng'ambo ya ziwa lilistahili heshima kubwa kuliko kibao cha wageni wawili.

Tangu mwaka 2006 Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe, Ujiji ikiwa mojawapo ya vituo vyake, imo katika orodha ya Tanzania ya maeneo yanayotarajiwa kupendekezwa kuwa urithi wa dunia. Kuandikwa katika orodha ni kazi ya karani. Kuutunza urithi ni kazi ya watu. Nyumba kongwe zikianguka, miembe ya njia ya misafara ikikatwa kuni, na wazee wanaojua nani alitoka wapi wakizikwa na habari zao, siku ya kupendekeza itafika pasiwe na cha kupendekeza.

Kigoma nayo ina yake. Reli ya Kati ilifika huko mwaka 1914, ikijengwa kwa jasho la Waafrika chini ya amri ya Wajerumani. Mwaka 1915 iliundwa Kigoma meli iliyoletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Meli iliyotumikia vita na unyonyaji ikageuka chombo cha kuwavusha wakulima, wafanyabiashara na wakimbizi kwa vizazi kadhaa. Ni nani anayemsimulia mgeni habari hii kituoni au bandarini?

Badala ya simulizi hiyo, mgeni hupewa chupa. Hakuna anayedai kwamba baa zifungwe zote. Mtu mzima aliyemaliza kazi yake halali ana haki ya kuburudika, na mgeni anahitaji mahali pa kula na kunywa. Kinachopingwa ni kuifanya baa kuwa kipimo cha ustawi wa mji, na kuwaacha watumishi wa umma waionyeshe kwa mfano mbaya. Nchi ina Sheria ya Vileo tangu mwaka 1968, yenye kudai leseni na kuweka saa za kuuza. Sheria haijakosekana. Imekosa wasimamizi, kwa kuwa mara nyingine anayepaswa kuisimamia ndiye ameketi mezani saa nne za asubuhi, faili za wananchi zikimngoja ofisini.

Katika mji wa mpakani ulegevu huo una madhara makubwa zaidi. Mwaka 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma kwenda kuwasaidia wapiganaji wa Kongo. Katika kumbukumbu zake za vita hivyo alilalamika kwamba viongozi na wapiganaji walikuwa wakikimbilia Kigoma kwenye pombe na anasa, wakiacha mapambano yakizorota ng'ambo. Lawama ni ya waliotoroka wajibu, wala si ya wananchi wa Kigoma. Hata hivyo fundisho limebaki: mpaka hupitisha mema na mabaya, na mji usiojua unataka kujulikana kwa lipi, wageni watauchagulia.

Wapo watakaosema kwamba baa huleta ushuru na ajira, ilhali historia haileti senti. Hoja hii ina ukweli nusu. Ushuru wa vileo ni fedha, lakini mnywaji hana sababu ya kusafiri siku nzima hadi mwisho wa reli kutafuta bia inayouzwa katika kila mji wa nchi. Kisichopatikana kwingine ni Ujiji yenyewe. Mgeni akiongozwa kwa siku mbili au tatu, tangu soko la kale hadi ufukwe wanakounda mitumbwi na maboti, tangu njia ya misafara hadi stesheni, atalala mjini, atakula migebuka na dagaa wa ziwa, atamlipa kijana wa mji aliyemwongoza. Fedha hiyo itaingia nyumba nyingi, nayo ya baa huishia kwa wenye baa wachache na kwa viwanda vya bia vya mbali.

Basi kila mmoja atimize lake. Halmashauri izilinde nyumba na miti iliyobaki kabla ya kutoa viwanja vipya, na leseni za vileo zifuate sheria bila kujuana. Wahusika wa mambo ya kale waweke maelezo kwa Kiswahili sanifu, yakitaja wapagazi na watumwa kabla ya wapelelezi. Walimu wawatume wanafunzi wao kwa wazee wa Ujiji, wakiwa na madaftari, wakusanye habari za koo, misikiti, masoko na misafara. Kwani Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 haikukusudia mtoto aijue London akiwa haijui barabara iliyo mbele ya shule yake. Na mtumishi wa umma, kabla ya kumwonyesha mgeni baa iliyo karibu, ajiulize kama anaweza kumtajia mtu mmoja tu wa Ujiji aliyeishi pale mwaka 1871. Kama hawezi, anayehitaji kutembezwa ni yeye.