Barua kutoka Iowa

KIBARAZANI na Mwanaisha Bakari

Shangazi yangu ana bahasha ya kaki iliyofungwa kwa mpira. Ndani mna kitambulisho cha marehemu babu, cheti cha ndoa cha nyanya na barua ya chifu iliyochakaa mikunjoni. Bahasha hiyo imeandamana na wanawe wanne, mmoja baada ya mwingine, hadi mbele ya kamati iliyowapiga msasa kabla ya kuwapa vitambulisho. Wazee wa kamati waliwauliza babu yao kazikwa wapi. Wenzao waliosoma nao dawati moja, wenye majina ya bara, walijaza fomu wakaenda zao.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba msasa huo umefutwa. Mashirika ya Kiislamu yalikuwa yamelilia jambo hilo miaka na miaka, na shukrani zao ni haki yao. Lakini muda wote huo hakuna jirani yangu Mkristo aliyewahi kuniambia kwamba kanisani kwao wamemwandikia mbunge juu ya watoto wa shangazi. Sisi nasi hatukuwahi kuwaomba. Hilo linaniuma kuliko maswali ya kamati.

Linaniuma kwa sababu najua lililotokea Marekani mwaka 1964. Mswada wa haki za kiraia, wa kupiga marufuku ubaguzi hotelini, mikahawani na kazini, ulipita Baraza la Wawakilishi Februari 10 kwa kura 290 dhidi ya 130, kisha ukakwama Seneti. Maseneta wa Kusini walihutubu kwa zamu, siku baada ya siku, ili usifike kwenye kura. Kuufunga mjadala kulihitaji theluthi mbili, na kura zilizopungua zilikuwa kwa maseneta wa majimbo ya wakulima kama Iowa na Dakota Kusini.

Weusi wa huko walikuwa wachache mno kumtia seneta hofu ya uchaguzi. Kilichokuwa na nguvu ni kanisa. Baraza la Taifa la Makanisa, lililokuwa limeunda tume ya dini na rangi mwaka 1963, likawaendea waumini wa mashambani wa majimbo hayo na kuwahimiza wamwandikie seneta wao wenyewe. Wakaandika. Mtu wa Iowa asiye na ndugu hata mmoja aliyewahi kufukuzwa mkahawani kwa rangi yake alikaa mezani kwake akamdai seneta haki ya mtu asiyemjua.

Mjini Washington, kuanzia Aprili 19, wanafunzi wa seminari walikesha kwenye mnara wa Lincoln, usiku na mchana, watatu watatu: Mkatoliki, Mprotestanti na Myahudi. Zamu ikiisha, watatu wengine wanashika nafasi. Hawakuondoka hadi Seneti ilipoupitisha mswada mwezi Juni.

Dini ilikuwa pande zote mbili, tuseme kweli. Seneta Robert Byrd alizungumza zaidi ya saa 14 kuupinga, akiitaja na Biblia. Alipomaliza, asubuhi ya Juni 10, kura ya kuufunga mjadala ikapigwa: 71 kwa 29. Bourke Hickenlooper wa Iowa alikuwa kati ya hao 71, ingawa siku chache baadaye mswada wenyewe aliupigia kura ya hapana. Richard Russell wa Georgia, kiongozi wa wapinzani, aliwalaumu viongozi wa dini waziwazi ndani ya Seneti. Alijua walikompiga.

Katiba yetu, kifungu cha 119, inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge sheria. Haisemi aombe kwa ajili ya kabila lake au dini yake.

Shangazi hajaitupa bahasha. Tangazo la leo, asema, laweza kufutwa na tangazo la kesho. Anataka sheria iliyopita Bungeni. Mimi nataka, siku ombi hilo litakapopelekwa, niione juu yake sahihi ya mchungaji wa Nyeri. Na siku Mkristo atakapobaguliwa mtaani kwetu, sahihi ya imamu wetu iwe ya kwanza.