Mkono Ndio wa Mwisho

Makala ya juma lililopita ilidai kwamba kijana mwenye bega imara na simu hahitaji kocha wa mkuki, eti kwa sababu mrusha mkuki wa Kenya, Julius Yego, alijifunza kupitia YouTube. Nusu ya habari imeachwa kando. Yego alikwenda pia Kuortane, Ufini, akanolewa na kocha Petteri Piironen, na mwaka 2015 akarusha mita 92.72 mjini Beijing na kuwa bingwa wa dunia.

Na hilo bega linalosifiwa? Mkuki wa wanaume una gramu 800 tu! Kazi huanzia miguuni. Kwa anayerusha kwa mkono wa kulia, hatua za mwisho hupishana huku mkono umenyooshwa nyuma, kisha mguu wa kushoto unakita chini bila kukunja goti. Mbio zinakatizwa ghafla, nyonga inatangulia, kifua kinafuata, kiwiko kinapita juu, na mkono unamalizia. Anayeanza na mkono anarusha jiwe la kuangulia maembe, na kiwiko kitamlipisha. Video itamwonyesha Yego akifanya hayo yote. Haitamwambia kijana kwamba goti lake mwenyewe limelegea.