Kompyuta za Stoo na Mashine za Mbinga

Ndugu zangu wanachuo, kila mwisho wa mwaka tunazika kitu. Naongelea projekti zetu: zinawaka siku ya kuwasilisha, tunapigiwa makofi, kisha zinaingia stoo. Yangu ingezikwa hivyohivyo kama nisingeenda field Mbinga.

Karakana niliyopangiwa ilikuwa na mashine ndogo ya kukereza vyuma, ile ya kuongozwa na kompyuta. Mota nzima, lakini kisanduku cha kuongozea kimekufa. Muuzaji alisema tununue kipya, na bei ikamshinda mwenye karakana. Msimu wa kahawa ukafika. Mkulima akileta shafti ya mashine ya kumenyea, anaambiwa apeleke Songea. Mvuvi wa Mbamba Bay mwenye shafti ya boti, vivyo hivyo. Na kahawa mbivu iliyochumwa leo haisubiri. Ikilala bila kumenywa inachacha, bei inaanguka.

Nikaomba kompyuta chakavu, nikaweka Linux na LinuxCNC, programu huria iliyotokana na kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, miaka ya 1990. Leseni, shilingi sifuri. Kumbe kazi bado. Nilipopima, kompyuta ilikuwa inachelewa ghafla, mara mojamoja, zaidi ya maikrosekunde 300. Kwa anayeangalia muvi si kitu. Kwa mota inayosubiri mapigo, ni hatua iliyopotea na chuma kilichoharibika.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mfumo wa muda halisi hauhusu kasi. Unahusu kufika kwa wakati, kila mara. Mpiga ngoma wa mganda hasifiwi kwa haraka. Anasifiwa kwa kutokosa pigo. Nikaweka kerneli yenye PREEMPT_RT, nikazima mipangilio ya kubana umeme kwenye BIOS, nikaondoa madoido ya skrini. Ucheleweshaji ukashuka chini ya 20.

Nikajiona bingwa. Mzee wa karakana akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, ikipagawa naizimia wapi?" Nilikuwa nimeweka kitufe cha dharura kwenye skrini! Tukavuta waya, tukafunga swichi nyekundu inayokata umeme wa mota bila kuiuliza kompyuta. Swali lile sikuwahi kuulizwa darasani.

Wapo wanaosema cha bure hakina mwenyewe, kikiharibika utamlilia nani? Hoja ina uzito. Lakini kile kisanduku kilikuwa na mwenyewe, na jibu lake lilikuwa tununue kingine. Wamatengo wamechimba ngolo kwenye miteremko ileile vizazi na vizazi, udongo usichukuliwe na maji, na hakuna aliyeuziwa leseni. Mtu alijifunza shambani kwa mwenzake. Ndiyo maana ngolo zipo hadi leo.

Kisingizio cha ugumu nacho kimepungua: tangu Septemba 2024, PREEMPT_RT imeingizwa ndani ya Linux yenyewe.

Kwa hiyo naiomba serikali yetu ya wanafunzi iudai uongozi kompyuta zinazooza stoo. Kila anayeenda field kwenye karakana abebe moja, na mwongozo kwa Kiswahili ambao fundi ataweza kuufuata tukishaondoka. Na alama za projekti zisiishie siku ya makofi. Mwalimu apige simu karakana baada ya miezi sita, aulize: bado inazunguka?