Kutoka Gisozi hadi Pwani: Hesabu Zinazopotosha

Katika Gakiriro ya Gisozi, jijini Kigali, penye mbao, vioo, rangi na makochi, mazungumzo ya safari hayakauki. Mizigo ya ng'ambo hupitia Dar es Salaam au Mombasa, na mwenye duka mara nyingi huifuata mwenyewe. Ndiyo maana hesabu mbovu ya masafa humla mtu pesa.

Wapo wanaoshikilia kwamba ndege ya Nairobi hujikokota karibu saa mbili na nusu kwenda, kisha hurudi kwa dakika 25 kwa kusukumwa na upepo wa bahari. Si kweli. Kutoka uwanja wa ndege wa Kanombe hadi Nairobi ni kama kilomita 760 angani. Kuzimaliza kwa dakika 25, ndege ingehitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 1,800 kwa saa, na hakuna ndege ya abiria inayoruka hivyo leo. Rwanda iko nyuma ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa saa moja, na tiketi huandika majira ya kila mji. Ukiondoka Kigali saa nne asubuhi, ukakaa safarini saa moja na dakika 25, Nairobi utakuta ni saa sita na dakika 25. Ukiondoka Nairobi saa nane mchana, Kigali utafika saa nane na dakika 25. Upepo upo, lakini kwa umbali huu huongeza au kupunguza dakika chache tu.

Dai linaloniudhi zaidi ni kwamba Mombasa ni karibu kuliko Dar. Kwa rula juu ya ramani, sawa: Mombasa ni kama kilomita 1,075 na Dar 1,145. Lakini mstari huo wa Mombasa unakatiza kusini mwa Ziwa Victoria na kuvuka Serengeti, na kontena halipiti huko. Lori la Mombasa hupanda hadi Nairobi, Malaba na Kampala, ndipo lishuke Gatuna au Kagitumba: karibu kilomita 1,700 na mipaka miwili. La Dar hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Nzega, likaingilia Rusumo: kama kilomita 1,500, mpaka mmoja. Na mpaka una uzito wake. Gatuna ilifungwa Februari 2019, ikafunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022. Kwa miaka hiyo yote kilomita za kwenye ramani hazikubadilika hata moja, ila njia ilikuwa nyingine kabisa.

Kuhusu dai kwamba reli mpya ya Tanzania imeshatufupishia njia: treni zake za abiria zilifika Dodoma mwaka 2024. Kipande cha Isaka hadi Kigali bado hakijajengwa.

Linabaki lile la "Dar ni saa mbili tu." Ndani ya ndege, ndiyo, hata pungufu kidogo. Lakini kutoka Gisozi kuna foleni ya Kinamba, kama kilomita 12 hadi Kanombe, ukaguzi, kisha foleni ya Barabara ya Nyerere ukishashuka. Hiyo ni nusu siku. Ukiruka saa tisa alasiri, Dar utaingia karibu saa kumi na mbili jioni, maduka ya Kariakoo yakianza kufungwa. Mwenye mzigo wa kukagua siku hiyohiyo achukue ndege ya asubuhi.