Nidhamu ya darasani ianze na utaratibu, si fimbo

KILA ifikapo Januari, shule za msingi zinapofunguliwa, wazazi wa Nguvumali na kata nyingine za Jiji la Tanga hushughulika na sare, viatu, madaftari na kalamu. Huo ni wajibu mwema, na mwenye kuutekeleza kwa nia safi ana malipo yake kwa Mola wake. Lakini liko jambo moja ambalo haliuzwi dukani, nalo mara nyingi husahauliwa mpaka mtoto aitwe ofisini: makubaliano baina ya nyumba, shule na madrasa juu ya namna mtoto anavyotakiwa kukaa, kusema, kuomba ruhusa na kurekebishwa anapokosea.

Leo tunakusudia kulizungumza jambo hilo kwa ajili ya watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi, kuanzia darasa la nne. Umri wao ni baina ya miaka 9 na 13. Wamekwisha kufikia umri wa kupambanua mema na mabaya, na wengi wao wanaukaribia ubaleghe. Mtoto wa darasa la kwanza hutii kwa sababu mkubwa amesema. Mtoto wa darasa la tano huanza kuuliza moyoni mwake: kwa nini? Asipojibiwa kwa maneno, na akajibiwa kwa fimbo, hujifunza kuogopa mtu na kutoijali amri yenyewe. Mtu huyo akiondoka, amri nayo huondoka.

Jambo hili si dogo. Mwezi Agosti 2018, mwanafunzi wa darasa la tano katika shule moja ya msingi mjini Bukoba alifariki dunia baada ya kuchapwa na mwalimu kwa tuhuma ya wizi wa mkoba. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu huyo hatiani kwa kosa la mauaji. Mtoto alipotea, mwalimu naye akapotea, na familia mbili zikabaki na msiba usiokwisha. Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun. Hatulitaji tukio hilo ili kuwashutumu walimu wetu, ambao wengi wao wanafanya kazi ngumu kwa subira kubwa. Tunalitaja kwa sababu linaonesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni kofi moja la hasira.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zilizotolewa na serikali mwaka 2002 ziliweka mipaka iliyo wazi. Kiboko ni kwa kosa kubwa tu. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule iwe haina mwalimu wa kike. Na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Ni wazazi wangapi wanaoijua mipaka hiyo? Na ni wangapi ambao wao wenyewe humwambia mwalimu, "Huyu ni wako, mchape utakavyo, nirudishie mifupa"? Maneno hayo yanasemwa kwa mzaha, lakini mtoto anayasikia, naye hayachukui kuwa mzaha.

Wako watakaotuambia kwamba dini yetu imeruhusu kumpiga mtoto, na watataja Hadithi iliyopokewa na Abu Daud ya kuwaamrisha watoto swala wafikapo miaka saba, na kuwapiga kwa kuiacha wafikapo miaka kumi. Hadithi hiyo tunaijua. Lakini tuihesabu vizuri. Baina ya miaka saba na kumi ipo miaka mitatu. Mwaka wa Hijria una siku 354, na swala za faradhi ni tano kwa kila siku. Kwa hiyo kabla ya mkono kunyanyuliwa, mtoto ametakiwa aambiwe, aoneshwe na akumbushwe zaidi ya mara 5,000. Nani kati yetu, mzazi, mwalimu au ustadhi, ambaye amemkumbusha mtoto jambo moja mara 5,000 kwa upole kabla ya kutafuta fimbo? Na hapo linazungumzwa jambo la swala, nguzo ya dini, wala si kusahau kalamu au kuchelewa kengele.

Mtume (S.A.W.) mwenyewe, kama alivyoeleza Bibi Aisha (R.A.) katika Hadithi iliyomo ndani ya Sahihi Muslim, hakumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia tangu utotoni kwa miaka kumi, na akashuhudia kwamba hakuwahi kuguniwa. Umar bin Abi Salama (R.A.), alipokuwa mtoto na mkono wake ukizunguka ovyo katika sahani, alifundishwa mambo matatu tu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Mambo matatu, mafupi, yanayoeleweka, na yanayoweza kutekelezwa papo hapo.

Wanazuoni nao waliliandikia jambo hili mapema. Muhammad bin Sahnun wa Kairouan, aliyefariki mwaka 870, aliandika kitabu cha adabu za walimu wa watoto, na humo aliiwekea mipaka adhabu ya mwalimu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, alieleza kwamba mwanafunzi anayelelewa kwa ukali hupoteza uchangamfu, na hujifunza uongo na hila ili kujikinga na mkono wa mkubwa. Yeyote aliyewahi kuona mtoto akijaza madaftari ndani ya kaptula yake kabla ya kuitwa mbele anajua kwamba Ibn Khaldun alisema kweli.

Sasa, fimbo ikiwekwa kando, darasa litulizwe kwa nini? Jibu letu ni utaratibu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Darasa nalo hutulia kwa mambo madogo yanayofanywa namna ileile kila siku.

Tuchukue hesabu nyingine. Kipindi kimoja ni dakika 40. Ikiwa dakika 10 za kila kipindi hupotea kwa kutafuta madaftari, kugombea dawati na kunyamazishana, basi katika vipindi vinane vya siku moja hupotea dakika 80, sawa na vipindi viwili kamili. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mwaka mzima hupotea vipindi 388, yaani zaidi ya siku 48 za masomo. Ni kama mtoto amefukuzwa shule kwa miezi miwili na ushei, ilhali mahudhurio yake yanaonesha alikuwepo kila siku. Na kwa kuwa sera mpya ya elimu, toleo la mwaka 2023, inaipunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita, muda wa kupoteza ni mchache zaidi kuliko zamani.

Tunajua darasa zetu zimejaa. Tangu ada ilipofutwa mwaka 2001, na michango ilipoondolewa kuanzia mwaka 2016, watoto wengi waliokuwa wakikosa shule wameipata, nasi tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini kiwango kilichokusudiwa cha wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja ni ndoto kwa shule nyingi. Ndiyo maana utaratibu unahitajika zaidi. Mwalimu mwenye watoto 20 anaweza kumfuata kila mmoja. Mwenye watoto 90 hawezi. Lazima watoto wajue la kufanya kabla hajasema.

Utaratibu huo wenyewe si mgumu. Watoto waingie kwa mstari na wakute zoezi fupi ubaoni, waanze kuandika bila kusubiri. Madaftari yagawiwe na kukusanywa na mtoto mmoja wa kila safu. Mwalimu akinyanyua mkono, kila mtu anyamaze na anyanyue wake, ili asilazimike kupiga kelele kuzima kelele. Anayetaka kusema anyooshe mkono. Mwenzake anapokosea, asichekwe. Kanuni zisizidi tano, ziandikwe kwa Kiswahili ukutani, na kila moja iambatane na sababu yake. Wiki mbili za kwanza za muhula zitumike kuzifanyia mazoezi, kama tunavyomfanyisha mtoto mazoezi ya kutia udhu: hatusomi nguzo zake mara moja kisha tukamwadhibu kwa kukosea.

Ruhusa ya kwenda msalani nayo iwe na ishara isiyomfedhehesha mtoto. Katika madarasa ya juu wamo wasichana waliokwisha kuanza hedhi. Msichana anayelazimishwa kueleza haja yake mbele ya wavulana 40 atachagua kubaki nyumbani siku zile, na siku zikirudi kila mwezi, masomo humpita. Haya ni pambo la muumini; shule isiyageuze kuwa sababu ya binti kukosa elimu.

Kosa nalo liwe na matokeo yanayojulikana mapema na yanayofanana na kosa lenyewe. Aliyechafua asafishe. Aliyemtukana mwenzake amwombe radhi. Ambaye hakufanya kazi aifanye wakati wa mapumziko. Anayerudia, mzazi aitwe. Na kabla ya kumwadhibu mtoto aliyechelewa, aulizwe. Wapo wanaoanza siku kwa kuteka maji, na wapo wanaozungusha maandazi na karanga mitaani ndipo waje shule. Kumchapa mtoto wa namna hiyo ni kumwadhibu kwa umaskini wa wazazi wake.

Lipo pia suala la viranja. Mwalimu anapotoka, kiranja hubaki na karatasi ya "wapiga kelele". Katika karatasi hiyo rafiki hufutwa na adui huandikwa. Tunawafundisha watoto wa miaka 11 dhulma na rushwa, kisha tunashangaa wakiwa watu wazima. Uongozi wa darasa uzunguke kila juma, kiranja asipewe fimbo kamwe, na kazi yake iwe kuwasaidia wenzake wafuate utaratibu. Katika ukaguzi wa haki, mtoto aliyeandikwa asikilizwe.

Haya tunayowaambia walimu wa shule, tunawaambia vilevile maustadhi wa vyuo vyetu. Mtoto wa Nguvumali hutoka shule mchana, alasiri yuko chuoni na juzuu yake, na hurudi nyumbani magharibi. Ikiwa shuleni anafundishwa kunyoosha mkono na chuoni anachapwa bakora ya mgongo kwa kukosea herufi, atatofautisha mahali pawili hapo kwa maumivu, na Qur'ani haistahiki kukumbukwa hivyo. Tanga ni mji wa wanazuoni. Hapa ndipo alipokuwa Sheikh Ali bin Hemed al-Buhriy, na hapa ndipo Sheikh Muhammad Ayub alipoijenga Shamsul Maarif. Heshima ya mji kama huu ilindwe katika kila chumba anamokaa mtoto na mwalimu wake.

Na nyumbani? Huko ndiko kwenye mzizi. Mtoto anayelala saa tano usiku mbele ya televisheni au simu ya mjomba wake hawezi kutulia kipindi cha kwanza. Mtoto asiyejua maneno "tafadhali", "samahani" na "ahsante" kwa dada yake hatayajua kwa jirani wa dawati. Luqman, kama tunavyosoma katika Sura ya 31, alimwita mwanawe kwa neno la mapenzi, akampa mafunzo na sababu zake, kuanzia tauhidi hadi kutembea kwa kiasi na kupunguza sauti. Marehemu Shaaban Robert, mwana wa pwani hii ya Tanga, aliwatungia watoto wake tenzi za kuwausia, Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili. Wazazi hao wote walikaa chini wakasema na watoto wao.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli, na hatuwaiti wazazi wawadekeze watoto. Mtoto anaweza kulia kwa kunyimwa mchezo mpaka amalize kazi, kwa kurudishwa akaombe radhi, kwa kuzimiwa televisheni saa tatu usiku. Machozi hayo yanatosha, na hayaachi alama mwilini.

Tunapendekeza jambo moja linalowezekana. Kila shule ya msingi ina kamati yake, na wazazi wamo. Kamati iitishe kikao mwanzoni mwa muhula, iwaalike maustadhi wa madrasa za mtaa huo, na wote wakubaliane juu ya ukurasa mmoja: kanuni tano, sababu zake, na matokeo ya kuzivunja. Ukurasa huo ubandikwe darasani, ubandikwe madrasa, na usomwe nyumbani. Akina baba, ambao mara nyingi huwaachia akina mama vikao vya namna hii, safari hii wahudhurie. Mtume (S.A.W.) ametuambia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Siku hiyo hakutakuwa na udhuru wa kusema kwamba tulimkabidhi mwalimu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awape walimu wao subira na hekima, na atujaalie sisi wazazi kuwa mfano wa yale tunayowaamrisha.

Wabillahi Tawfiq.