Kosa Si la Mama

Wiki iliyopita tuliketi kando ya jirani yetu, mama wa makamo, akijaza fomu ya ofisi moja kwa simu yake. Aliandika jina, tarehe ya kuzaliwa, kisha nambari ya simu kama anavyoijua, ikianzia na sifuri. Alipobofya, ukurasa ulirudi na maandishi mekundu ya Kiingereza, na yote aliyoyaandika yamefutika. Mara ya tatu aliiweka simu mapajani akasema, "Basi, mwanangu. Mimi sikusoma." Baadaye ndipo tulipogundua kuwa nambari ilitakiwa ianzie na 254. Hapakuwa na neno hata moja la kumtanabahisha.

Kauli yake ndiyo iliyotusikitisha. Mama huyo huyo hutuma pesa kila wiki kwa M-Pesa, huduma iliyoanza nchini mwaka 2007. Huko huonyeshwa jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka, akapata nafasi ya kughairi. Mkono ni ule ule na macho ni yale yale. Kilichotofautiana ni chombo.

Mtaalamu wa Marekani, Donald Norman, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1988 kwamba watu wanaposhindwa na chombo hujilaumu wenyewe, hali ya kuwa mara nyingi kosa ni la aliyekiunda. Hata mlango unaosukumwa pahali pa kuvutwa, alisema, umeundwa vibaya.

Kujilaumu huko kuna gharama. Siku ya pili mama alikwenda saiba, akampa kijana kitambulisho chake na neno lake la siri, naye akaliandika daftarini. Kazi ilikwisha kwa dakika chache. Hatumtuhumu kijana yule, lakini siri ya mtu sasa imo katika daftari la asiyemjua, pamoja na siri za wengine wengi. Amana hupewa mtu kwa kuaminiwa, si kwa kukosa njia.

Wanaounda kurasa hizi hawahitaji gharama kubwa kuzirekebisha. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kuwa kuwatazama watu watano tu wakitumia tovuti kwatosha kufichua makosa yake mengi. Tunaomba mmoja wa watano hao awe mama kama huyu.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu. Tusiwanyang'anye wazee simu kwa kusema, "Lete nikufanyie." Tuketi nao, tuwasomee, na kidole kinachobofya kiwe chao. Wakilazimika kwenda saiba, neno la siri waliandike wenyewe, na wahakikishe wametoka katika akaunti kabla ya kuinuka.

Juzi jioni tulirudi kwa jirani yetu. Alilibadilisha neno lake la siri, polepole, kwa kidole kimoja. Sisi tuligeuza nyuso zetu pembeni.